Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeanzisha msako wa saratani ya watoto wa kando ya Ziwa

ZAIDI ya miaka 30 tangu azikwe nchini Uingereza, jina la Denis Parsons Burkitt lingali likitajwa katika wodi za watoto mjini Kisumu, ingawa wengi wanaolitaja hawajui lilikuwa la mtu gani.

Kwa wauguzi na wazazi wanaofika huko kutoka Siaya, Homa Bay na Migori, Burkitt ni jina la ugonjwa. Ni saratani ya tezi inayovimbisha taya au tumbo la mtoto, na ambayo isipotibiwa humwondoa duniani kwa muda wa wiki au miezi michache.

Mwenye jina alikuwa daktari wa upasuaji aliyekuwa na jicho moja na mapenzi makubwa ya ramani. Alishikilia kwamba kabla ya kuuliza ugonjwa unaletwa na nini, ni sharti mtu aulize kwanza unapatikana wapi na wapi haupatikani.

Swali hilo ndilo lililozaa ugunduzi wa kwanza wa virusi vinavyohusishwa na saratani ya binadamu. Ndilo pia lililowafikisha wanasayansi wa leo katika juhudi za kuutambua ugonjwa huo kwa DNA inayoelea katika damu ya mgonjwa, bila kungoja kisu cha daktari.

Mwana wa mchora ramani za ndege

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya jimbo ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege.

Mzee huyo aliwavisha ndege wadogo pete miguuni ili aweze kuwatofautisha, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja alitawala sehemu gani ya shamba. Kazi hiyo ilimpatia heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege, na mwanawe alikua akiitazama.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilivunja miwani yake, na kioo kikaliharibu jicho lake la kulia. Jicho hilo halikupona.

Mwaka wa 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini hakudumu katika fani hiyo. Akiwa muumini thabiti wa dini ya Kikristo, alishawishika kwamba wito wake ulikuwa katika tiba, akabadilisha masomo na kuhitimu udaktari mnamo 1935. Miaka mitatu baadaye alipata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi alikataliwa, kwa maelezo kwamba mtu wa jicho moja hakufaa. Ilibidi Vita vya Pili vya Dunia vizuke ndipo jeshi lilipompokea mnamo 1941 na kumpeleka Afrika Mashariki, ambako alihudumu Kenya na Somalia.

Akiwa likizoni alizuru Uganda, na nchi hiyo ikamwingia moyoni. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya serikali ya kikoloni, na mara hii alikubaliwa. Mwaka wa 1946 aliwasili Lira, makao ya wilaya ya Lango kaskazini mwa Uganda, pamoja na mkewe Olive, muuguzi aliyemwoa mnamo 1943.

Somo la busha

Huko Lira, Burkitt alikuwa daktari pekee wa wilaya nzima. Alipasua, akazalisha na kutibu kila aliyeletwa mlangoni.

Hata hivyo, jambo moja lilimshughulisha akili. Wanaume waliokuja kufanyiwa upasuaji wa busha walitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya kuliko magharibi. Aliandika idadi, akalinganisha maeneo, na mnamo 1951 matokeo yake yakachapishwa katika jarida la tiba la Lancet.

Busha la maeneo ya joto huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Daktari huyo, bila maabara wala mashine, alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa unaweza kuwa na mipaka kama ya tarafa, na kwamba ndani ya mipaka hiyo ndimo penye dalili za chanzo chake.

Kufikia wakati huo alikuwa amehamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambako alipasua wagonjwa na kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Alijishughulisha pia na utengenezaji wa miguu ya bandia ya bei nafuu kwa wasiojiweza.

Mtoto mwenye taya zilizovimba

Mwaka wa 1957, daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana mdogo. Taya zote za mtoto huyo zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yakilegea na uso umepinda.

Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Maambukizi ya kawaida ya mfupa hushika upande mmoja, na saratani alizozijua hazikuanzia mahali panne kwa wakati mmoja.

Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, mji ulio kwenye ufuo huo huo wa Ziwa Victoria unaoifikia Kisumu. Hapo alimwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na alipompapasa tumbo akakuta kuna uvimbe pia.

Aliporudi Mulago alianza kufukua majalada ya zamani. Aligundua kwamba watoto waliokuwa wameandikwa kuwa na saratani ya taya, ya figo, ya ini au ya ovari mara nyingi walikuwa na uvimbe mahali zaidi ya pamoja. Kila daktari alikuwa ametazama kiungo chake. Yeye aliona kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja.

Mnamo 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Makala hayo hayakuvuma. Ni baada ya wataalamu wa patholojia wa Makerere, akiwemo Mmarekani Gregory O'Conor, kuchunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini ndipo ilipothibitika kwamba hiyo ilikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za damu zinazotengeneza kingamwili.

Maili 10,000 kwa gari kuukuu

Kwa ruzuku ya pauni 25 tu, Burkitt alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni kote barani. Aliuliza swali moja: je, mmewahi kuona hali hii? Kila jibu la ndiyo alilitia alama kwenye ramani iliyokuwa ukutani mwa ofisi yake.

Alama hizo zilitanda katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki mfano wa mshipi, kisha zikateremka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Lakini barua hazikutosha. Alitaka kujua mshipi huo ulikoma wapi hasa.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa kimisheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari la mtumba aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams ndiye aliyekuwa fundi wa gari.

Kwa muda wa majuma 10 walisafiri takriban maili 10,000, ambazo ni karibu kilomita 16,000, wakipitia hospitali zaidi ya 50 kutoka Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini na kurudi. Katika kila hospitali waliwaonyesha wahudumu picha na kuuliza swali lile lile.

Jibu lilijitokeza kidogo kidogo. Ugonjwa ulikuwa wa maeneo ya joto na mvua. Karibu na Ikweta haukuonekana juu ya kimo cha futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoelekea kusini kwenye baridi, ndivyo kimo hicho kilivyoshuka.

Kwa Kenya, ramani hiyo ilikuwa na maana ya pekee. Kisumu iko katika kimo cha mita 1,130 hivi. Nyanda za Kano, ufuo wa Siaya, Homa Bay na Migori, zote zimo ndani ya mshipi. Ukipanda milima kuelekea Nandi au Kericho, safari ya saa chache tu, unatoka nje yake. Pwani ya Bahari Hindi nayo ilikuwa ndani.

Watoto wa pande hizo mbili hula ugali ule ule na hutibiwa na serikali ile ile. Kilichowatenganisha kilikuwa kimo cha ardhi, na palipo na tofauti ya kimo pana tofauti ya mbu.

Ndege iliyopotezwa na ukungu

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein, aliyeingia kwa sababu tu ya kuona tangazo.

Kabla mhadhara haujaisha, Epstein alikuwa ameshawazia kwamba saratani inayofuata hali ya hewa huenda inaletwa na virusi. Wawili hao wakakubaliana vipande vya uvimbe kutoka Kampala viwe vikipelekwa London kwa ndege.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna kilichopatikana. Kisha Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikaelekezwa Manchester. Kilipofika maabara, maji kilimowekwa yalikuwa yamechafuka kwa chembe hai zilizobanduka kutoka kwenye uvimbe wakati wa safari.

Chembe hizo zilikubali kukuzwa maabarani. Mwaka wa 1964, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Leo virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba Burkitt alikuwa amepata na wakati huo huo amekosea. Alidhani mbu ndiye anayebeba virusi vya saratani. Uchunguzi ulionyesha kwamba virusi vya Epstein-Barr husambazwa kwa mate na viko duniani kote. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya 10 wanavyo mwilini bila kuugua.

Mbu alikuwa mshirika kwa njia nyingine. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyekuwa akichunguza saratani za watoto nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba ramani ya Burkitt ilikuwa pia ramani ya malaria kali isiyokoma mwaka mzima.

Malaria ya kila mara huzilazimisha chembe za kingamwili kuzaana mfululizo, na hudhoofisha ulinzi unaovidhibiti virusi. Katika pilikapilika hizo, jeni iitwayo MYC, ambayo huamuru chembe kugawanyika, hukatika kutoka kromosomu ya nane na kuunganishwa mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Tangu hapo chembe hiyo hugawanyika bila breki. Siri hiyo ilifichuliwa kati ya 1972 na 1982.

Uvimbe unaoyeyuka

Burkitt alipokuwa Kampala hapakuwa na mashine ya kutibu kwa miale, na kisu hakikufaa kitu kwa ugonjwa ulioenea mwilini. Alipoanza kupata dawa mpya za saratani, kama vile methotrexate na cyclophosphamide, alizitumia kwa viwango vidogo.

Kilichotokea kiliwashangaza hata waliozitengeneza. Uvimbe mkubwa uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache. Jijini Nairobi, daktari Peter Clifford alipata matokeo ya namna hiyo hiyo.

Wakati huo ulimwengu wa tiba ulikuwa na imani ndogo kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Watoto wa Kampala na Nairobi walikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba inawezekana.

Lakini sababu iliyofanya dawa ifaulu ndiyo hiyo hiyo inayoua. Uvimbe wa Burkitt hukua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa ugonjwa kama huo, juma moja la kungoja majibu ni muda mrefu mno.

Burkitt aliondoka Uganda mnamo 1966. Nchini Uingereza alianzisha kampeni nyingine, akilinganisha maradhi ya tumbo ya Wazungu na afya ya wanavijiji aliowajua Afrika, waliokula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga. Kitabu chake cha 1979 kuhusu nyuzinyuzi katika chakula kilimpatia umaarufu mkubwa kuliko saratani ilivyowahi kumpa.

Mnamo 1972 alichaguliwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82, akaacha mjane na mabinti watatu.

Damu iliyobeba habari

Urithi wake haukuzikwa naye. Tayari akiwa hai, watafiti walikuwa wameanza kuuliza iwapo damu ya mtoto inaweza kutoa habari za ugonjwa kabla ya uvimbe kuonekana.

Kati ya 1972 na 1974, watoto wapatao 42,000 wa West Nile nchini Uganda walitolewa damu ikahifadhiwa. Baadhi yao walipougua baadaye, damu yao ya awali ilichunguzwa. Ilikutwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr kuliko ya wenzao, tangu kabla ya uvimbe kujitokeza.

Katika wilaya ya North Mara nchini Tanzania, jirani na mpaka wa Kenya, watoto waligawiwa dawa ya klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982 ili kuona iwapo kupunguza malaria kungepunguza saratani. Wagonjwa walipungua, lakini kwa kuwa walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, jambo hilo halikukata shauri.

Kisha ikaja zamu ya Kisumu. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wanasayansi wa Marekani wakiwemo Ann Moormann na Rosemary Rochford, walirejea kwenye mpaka ule ule wa Burkitt na kulinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi. Safari hii ramani ilichorwa kwa DNA.

Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba damu ya watoto wadogo wa kando ya Ziwa ilikuwa na DNA ya virusi vya Epstein-Barr kwa wingi kuliko ya watoto wa Nandi. Utafiti mwingine wa 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya watoto wachanga wa Kisumu waliofuatiliwa walikuwa wameambukizwa kabla ya kutimiza miezi sita, hali Nandi walikuwa takriban mmoja kati ya wanane.

Katika hospitali kuu ya Nyanza mjini Kisumu, ambayo sasa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, utafiti uliotolewa 2010 ulipima DNA ya virusi katika damu ya watoto wenye ugonjwa wenyewe. Ulionyesha kwamba kiwango chake kilihusiana na mahali uvimbe ulipotokea mwilini.

Msingi wa kipimo hicho ni rahisi kueleza. Chembe yoyote inapokufa, DNA yake hukatikakatika na kumwagika katika plazma, yaani maji ya damu. Jambo hilo lilijulikana tangu 1948. Uvimbe unaokua kasi huua chembe zake nyingi, na vipande vyake huelea pamoja na vya chembe nzima. Mwenye kifaa cha kuvisoma anaweza kumtambua mhalifu kwa alama zake.

Huko Hong Kong njia hiyo ilikwisha kuthibitishwa kwa saratani nyingine ya virusi hivyo hivyo, ile ya nyuma ya pua. Utafiti uliotangazwa 2017 uliwapima zaidi ya wanaume 20,000 wasiokuwa na dalili yoyote, na ukawagundua 34 wenye ugonjwa, wengi wao ukiwa katika hatua za mwanzo.

Ugumu wa Kisumu

Hata hivyo, kinachowezekana Hong Kong hakihamishiki Kisumu kama mzigo wa meli. Kwa mtu mzima wa Hong Kong, DNA ya virusi katika plazma ni jambo la kutiliwa shaka. Kwa mtoto wa Nyando au Bondo aliyetoka kuugua malaria, inaweza kuwapo na mtoto asiwe na saratani yoyote.

Hali iliyozaa ugonjwa ndiyo hiyo hiyo inayokipa kipimo kazi ngumu. Kuhesabu virusi peke yake hakutoshi. Ni lazima kubainisha DNA hiyo imetoka kwa virusi vinavyozaana tu, au imetoka ndani ya chembe ya saratani.

Alama za kutofautisha zipo. DNA ya virusi iliyokaa ndani ya chembe ya saratani huwa imebandikwa vialama vya kikemia ambavyo virusi vipya havina. Aidha, pamoja nayo huelea DNA ya mtoto mwenyewe yenye jeni ya MYC iliyohamishwa. Virusi vyenyewe vina aina mbili, na uchunguzi wa watoto wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2020 uligundua kwamba aina ya kwanza inahusiana zaidi na saratani hiyo.

Mradi uitwao AI-REAL, unaozihusisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, Hospitali ya St Mary's Lacor ya Gulu na Chuo Kikuu cha Oxford, ulianzishwa kupima iwapo damu ya watoto na vijana inaweza kutoa jibu la kuaminika na la haraka kuliko kipande cha nyama.

Haja yake haihitaji ushahidi mrefu. Ili kukata kipande cha uvimbe panahitajika daktari wa upasuaji, dawa ya usingizi, maabara na mtaalamu wa patholojia, ambao ni wachache mno nje ya miji mikubwa. Mtoto huweza kung'olewa meno, akatibiwa kifua kikuu au akadhaniwa kuwa na bandama la malaria, huku uvimbe ukiongezeka. Kutoa damu, kwa upande mwingine, ni kazi ya kila siku ya kila zahanati.

Tofauti ya matokeo ni kubwa. Katika nchi tajiri, watoto tisa kati ya 10 wenye saratani hiyo huponywa. Katika hospitali nyingi za Afrika, wanaopona ni nusu au pungufu, na kuchelewa ni mojawapo ya sababu.

DNA imebadilisha hata jinsi ugonjwa unavyopangwa. Kwa miongo mingi madaktari waliugawa kwa jiografia, wa Afrika ukiwa fungu lake na wa Ulaya na Marekani fungu jingine. Uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2022 unatazama zaidi iwapo chembe za uvimbe zina virusi vya Epstein-Barr au hazina, popote mgonjwa anapoishi.

Mchora ramani kwa hiyo ameona, kama angekuwa hai, mipaka yake ikichorwa upya ndani ya chembe. Lakini swali lake la wapi bado halijapoteza maana kando ya Ziwa. Kenya ilipoanza majaribio ya chanjo ya malaria Septemba 2019, sindano ya kwanza ilidungwa katika kaunti ya Homa Bay, ndani kabisa ya mshipi wa 1961. Iwapo malaria itapungua miongoni mwa watoto wadogo, itawezekana kuona kama saratani hii nayo itapungua, jambo ambalo North Mara haikuweza kulithibitisha.

Nusu ya pili ya kazi ni ya hospitali. Maarifa kuhusu ugonjwa huu yalijengwa kwa damu na vipande vya nyama za watoto wa Kampala, West Nile, North Mara na Kisumu, wengi wao wakiwa hawakuishi kuona faida yake. Mashine ya kusoma DNA ikibaki Ulaya na Marekani, na sampuli zikiendelea kusafiri kwa ndege kama ile ya 1963, mama wa Mbita atazidi kupokea jibu wakati mwanawe amekwisha kuzidiwa. Ikisimikwa Kisumu, pamoja na dawa za kutosha, swali ambalo Burkitt aliliuliza kwa pauni 25 litakuwa limewafikia waliolistahili kwanza.